Kusafiri kwa ndege na vifaa vya kupandia farasi, kutoka Manda hadi Australia: nibebe nini, niache nini?

Mwana wa Shela anauliza:

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Shela, Lamu, na kwa miaka sita sasa ninafanya kazi ya kutunza farasi na kuwaongoza wapandaji ufukweni Malindi. Kabla ya farasi nilikuwa mtoto wa punda, kama wenzangu wote wa kisiwani: nilijifunza kukaa mgongoni mwa mnyama bila tandiko, kamba tu mkononi, na mbio za punda za wakati wa Maulidi ndizo zilizonitia mapenzi ya kazi hii. Mwezi ujao, Inshallah, ninakwenda Australia kwa mafunzo ya miezi mitatu katika shamba la farasi. Nitaondokea uwanja wa ndege wa Manda, ng'ambo ya Lamu, kwa sababu nataka kwanza kuagana na mama, kisha nitapitia Nairobi na Ghuba hadi huko.

Vifaa vyangu ni hivi: tandiko la ngozi la mtindo wa Kiingereza, ambalo mwalimu wangu wa kwanza alinipa alipostaafu; hatamu pamoja na lijamu yake; vikuku viwili vya chuma vya kutilia miguu; kofia ngumu; buti ndefu; fimbo fupi; na fulana ya kinga ambayo hujaa hewa yenyewe mpandaji anapoanguka, nayo ina mkebe mdogo wa gesi ndani. Nimevipima kwa mizani ya dukani nikapata kilo 19, na hapo sijaweka hata shati moja. Tiketi yangu ya Manda hadi Nairobi inasema kilo 15 pamoja na mkoba wa mkononi. Tiketi ya kimataifa, niliyoinunua peke yake, inaniruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja.

Naomba kuelezwa na wenye uzoefu: tandiko lifungwe vipi lisivunjike, kipi kiingie ndani ya ndege na kipi kiende tumboni, na je, mkebe ule wa gesi utanitia matatani? Tandiko lile nalithamini kuliko mali yoyote niliyo nayo, na nisingependa kulipoteza njiani.

Mzee wa Mizigo, Malindi, anajibu:

Wa alaikum salaam, mwanangu, na hongera kwa nafasi uliyoipata. Nimepakia mizigo ya ndege katika pwani hii kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nitasema juu ya lile ninalolijua, yaani uzito na nafasi, na mambo ya farasi nitawaachia wenyewe.

Kilo 15 hazikuwekwa ili kuwakomoa abiria. Nyingi ya ndege zinazotua Manda ni ndogo, na mfano unaojulikana ni Cessna Caravan, yenye injini moja na abiria 12 hivi, ambayo mizigo yake huingizwa katika chumba chembamba kilichofungwa chini ya tumbo. Rubani hujumlisha uzito wa watu, mafuta na mabegi kabla ya kuruka, na siku ambayo ndege imejaa, begi la ziada linaweza kubaki uwanjani hata kama mwenyewe yuko tayari kulipia kila kilo. Chumba kile hutaka begi laini linalokunjika. Sanduku gumu la tandiko, hata likiwa jepesi, huenda lisiingie mlangoni.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo utakapookoa fedha na wasiwasi. Wewe umesema unafanya kazi Malindi, na bila shaka vifaa vyako viko Malindi. Kwa nini uvipandishe basi hadi Mokowe, uvitie kwenye boti hadi Lamu, kisha boti nyingine hadi Manda, halafu uvibembeleze ndani ya ndege ya kilo 15? Mpe mtu unayemwamini anayekwenda Nairobi kwa barabara siku mbili au tatu kabla, avibebe akiwa safarini mwenyewe, wala usimwachie utingo wa basi begi lisilo na mwenyewe. Wewe nenda Shela ukaagane na mama yako ukiwa na mkoba mdogo tu, kisha mkutane na mizigo yako Nairobi.

Jambo la pili ni hizo tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mizigo yako haitahamishwa yenyewe kutoka ndege moja hadi nyingine. Utaichukua, uibebe, na kuikabidhi upya. Tazama pia tiketi ya ndani inakuteremsha wapi, kwa sababu baadhi ya ndege za Manda hutua uwanja mdogo wa Wilson na nyingine hutua Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Ukitua Wilson, una safari ya barabarani kuvuka sehemu ya jiji, na msongamano wa magari wa Nairobi hauijui saa ya ndege yako. Jiachie nusu siku nzima.

Kwa ndege kubwa, mashirika mengi huhesabu begi la kawaida kuwa lile ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havizidi sentimita 158. Pima tandiko likiwa tayari limefungwa ndani ya begi, si likiwa tupu. Uzito wa kilo 32 ndio mpaka ambao wapakiaji hawaruhusiwi kuuvuka kwa begi moja katika viwanja vingi, hata ulipe kiasi gani.

Kuhusu fulana: kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba kifaa cha kujiokoa kinachojijaza hewa, kikiwa na mikebe midogo isiyozidi miwili ya gesi isiyowaka wala isiyo na sumu ndani yake, na mingine isiyozidi miwili ya akiba, kwa sharti kwamba shirika la ndege limekubali kabla. Sharti hilo ndilo linalowaponyoka watu. Liandikie shirika la safari ya kimataifa sasa hivi, taja aina ya gesi na ukubwa wa mkebe kama ulivyoandikwa juu yake, na uichapishe barua ya majibu, kwa maana mkaguzi aliye kwenye mashine hatakuamini kwa maneno. Kamba inayoifyatua fulana ifungwe ili isivutike yenyewe. Ikiwa hujajibiwa hadi siku ya safari, toa mikebe uiache nyumbani.

Binti Mkunguni anajibu:

Kaka yangu wa Shela, nimefurahi sana kusoma habari zako, maana hatuko wengi tuliotoka kwenye punda wa Lamu tukaishia kwenye mazizi ya ng'ambo. Mimi nimefanya kazi katika shamba la farasi Australia kwa muda, na kwa mapenzi ya dada nitakuambia jambo ambalo pengine hukutaka kulisikia: usilibebe tandiko.

Kofia ni ya kichwa chako na buti ni za miguu yako, lakini tandiko ni la farasi. Umbo lake la ndani limetengenezwa kukaa juu ya mgongo wa upana fulani, na tandiko linalomfaa farasi wako wa Malindi linaweza kumbana mabega farasi mwingine mpana zaidi, au kumlalia farasi mwembamba juu ya mfupa wa mgongo hadi likamtia kidonda. Shamba lolote linalojiheshimu lina tandiko la kila farasi wake, limepimwa na fundi, na halitakuruhusu umvike mnyama wao kitu kilichotoka mbali. Nimewaona wanafunzi wawili wakisafirisha matandiko yao kwa gharama kubwa, na yote mawili yalikaa juu ya rafu kwa muda wote wa mafunzo. Waandikie wenyeji wako uwaulize swali hili waziwazi kabla ya kulipia kilo hata moja.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ukaguzi wa maradhi ya wanyama mpakani. Ukifika Australia utajaza kadi ya kuingia nchini, na humo utaulizwa kama unabeba vitu vilivyotumika kwa wanyama, na kama umegusana na mifugo au shamba katika siku 30 zilizopita. Wewe unashinda na farasi kila siku, kwa hiyo jibu lako ni ndiyo, na wala usiogope kuliandika. Anayeandika ndiyo hupelekwa kwa mkaguzi, vifaa vyake hufunguliwa na kutazamwa, na kama ni safi, huruhusiwa aende zake. Anayeandika hapana na kukutwa na manyoya ya farasi yamenata chini ya tandiko anaweza kutozwa faini kubwa na kunyang'anywa kifaa chenyewe. Kifaa kichafu, hata kikitangazwa, kinaweza kusafishwa kwa gharama yako, kurudishwa ulikotoka, au kuteketezwa. Fikiria tandiko la mwalimu wako likiingia motoni.

Usidhani kwamba ni ukali wa bure. Hadi mwaka 2007 Australia haikuwa imewahi kupata homa ya mafua ya farasi miongoni mwa farasi wake. Mwezi wa Agosti mwaka huo ugonjwa ulizuka karibu na Sydney na kuenea kwa makumi ya maelfu ya farasi. Mbio zikasimamishwa, watu wakakosa kazi, na kazi ya kuumaliza ikaendelea kwa miezi. Serikali iliunda uchunguzi chini ya jaji mstaafu Ian Callinan, na ripoti yake ya mwaka 2008 ilieleza kwamba virusi huenda vilitoka katika kituo cha karantini vikiwa juu ya mtu, nguo au vifaa vilivyogusana na farasi walioingizwa nchini. Hebu tazama: kilichotiliwa shaka kuvukisha ugonjwa kituoni ni watu na vitu vyao, si farasi aliyetoroka. Tangu hapo mkaguzi wa kule akiona buti yenye tope kwenye kisigino, haoni tope tu.

Kwa hiyo beba vile vya mwili wako. Kofia ingia nayo ndani ya ndege, usiitie kamwe kwenye begi la tumboni. Ndani yake mna povu gumu ambalo hufanya kazi mara moja tu; likishabonyezwa na begi lililotupwa juu yake, linaweza kuwa limepasuka bila alama yoyote kuonekana nje, nawe utalitegemea siku ya kuanguka nalo lisikuokoe. Tazama pia alama ya viwango iliyobandikwa ndani, kwa mfano PAS 015, ASTM F1163 au AS/NZS 3838, kwa sababu watakuuliza. Fimbo iache, kule hazikosekani.

Fundi wa Langoni anajibu:

Bibie amesema kweli kuhusu mgongo wa farasi, na mimi nisingempinga. Ila najua moyo wa mtu aliyepewa kitu na mwalimu wake, kwa hiyo nitaeleza namna ya kulisafirisha tandiko kama wenyeji wako watakuambia kwamba wanalihitaji. Mimi ni fundi wa ngozi. Nimeanza na shogi na matandiko ya punda, na baadaye nikaletewa matandiko ya farasi kutoka Malindi.

Mwaka mmoja nilimsafirishia mteja tandiko kwenda nchi ya Ulaya, nami nikiwa safari hiyo hiyo. Nililitia katika sanduku la nguo, nikajaza nguo juu, nikafunga kwa nguvu hadi zipu ikaitika. Tulipofika sanduku lilikuwa zima, ngozi haina mkwaruzo, nikatoka uwanjani nikiwa nimeridhika. Siku ya tatu mteja alipoliweka juu ya farasi, likawa linalalia upande mmoja. Tulipolipindapinda kwa mikono tukasikia mlio wa ndani: kiunzi kilikuwa kimevunjika. Kiunzi ni ile mifupa ya mbao au plastiki iliyofichwa chini ya ngozi, na kikishavunjika, tandiko humchoma mnyama kila hatua. Shirika la ndege lilinijibu kwamba sikutoa taarifa nilipopokea mzigo. Nililipa mwenyewe, na hadi leo lile tandiko linaniuma.

Kosa langu lilikuwa kulibana. Tandiko linataka kujazwa ndani kabla ya kufunikwa nje: toa vikuku, mikanda yake na mshipi wa tumbo, viviringe vyuma ndani ya soksi nene ili visikwaruze ngozi, kisha jaza lile bonde la chini ya tandiko kwa taulo au blanketi iliyoviringwa hadi mbavu mbili za tandiko zisiweze kusogeleana. Baada ya hapo lizungushie kitu laini pande zote, na lisikandamizwe na kitu chochote kizito kutoka juu. Lijamu na vikuku viende tumboni mwa ndege. Vyuma vizito vyenye umbo la ajabu ndani ya mkoba wa mkononi vitakuchelewesha kwenye mashine bila faida. Kabla ya kufunga, lipige picha kila upande, pamoja na namba iliyogongwa kwenye ngozi chini ya mikunjo ya kando, kwa maana picha hizo zitakusaidia pia kwa watu wa forodha siku ya kurudi, wasidhani umelinunua huko.

Kuhusu usafi, wengi hukosea mpangilio. Dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya uchafu. Jasho lililoganda na mafuta ya mnyama huinyonya nguvu yake kabla haijaifikia ngozi. Kwanza sugua kwa brashi kavu, toa kila unywele kwenye mishono, na hapo utumie kijiti chembamba bila haraka. Kisha osha kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni ya ngozi, usiimwagie maji, wala usithubutu kutumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu hukausha ngozi na kuozesha nyuzi. Anika kivulini penye upepo. Hapa kwetu pwani, ngozi ikifungwa kwenye begi ikiwa bado na unyevu, ndani ya siku chache huota kuvu, na kuvu hiyo ndiyo atakayoiona mkaguzi wa kwanza. Kwa hiyo safisha siku kumi kabla, si usiku wa kuamkia safari.

Mzee wa Mizigo anaongeza:

Pole sana, fundi. Naomba niongezee hapo ulipoumia, ili kijana asiumie pale pale. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na kwa safari za kimataifa zinazotawaliwa nao, mtu aliyepokea mzigo ulioharibika ana siku saba tangu kuupokea za kulalamika kwa maandishi. Mzigo uliochelewa, ni siku 21 tangu ulipowekwa mikononi mwake. Taarifa inayotolewa papo hapo uwanjani ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ulipogundua siku ya tatu ulikuwa bado hujachelewa, mradi ulalamike kwa maandishi.

Fidia nayo ina kikomo. Tangu Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani, kwa abiria mmoja na mizigo yake yote, wala si kiasi unachopewa bila kuthibitisha thamani. Aliye na kitu cha thamani zaidi hutakiwa kulitangazia shirika thamani hiyo anapokabidhi mzigo na kulipa ada kama ikidaiwa. Mwanangu, fungua begi lako hapo hapo kwenye mkanda wa mizigo, ulikague tandiko kwa mikono yako kama fundi alivyoeleza, kisha ndipo utoke.

Mwana wa Shela anajibu:

Ndugu zangu, sina la kuwalipa. Nimewaandikia wenyeji wangu jana, na leo asubuhi wamejibu kwamba kila farasi wao ana tandiko lake na kwamba wangependa nije na kofia, buti na nguo za kazi tu. Basi tandiko nitaliacha Malindi kwa mwenzangu, ambaye ameniahidi kulifuta na kulipaka mafuta kila Ijumaa, na nimekubali moyoni kwamba mwalimu wangu mwenyewe angenishauri hivyo, kwa maana yeye ndiye aliyenifundisha kuweka mkono chini ya tandiko kabla ya kupanda, nitazame kama linambana farasi. Hatamu na fimbo nazo zinabaki.

Fulana nimeiandikia barua shirika la ndege, na nisipojibiwa nitaondoa mkebe. Nimepima upya: kofia, buti, fulana na nguo ni kilo 11, kwa hiyo sasa naweza kuvibeba vyote kupitia Manda bila kumsumbua mtu wa barabarani.

Limebaki swali moja kwa dada Binti Mkunguni. Buti zangu nimezitumia ufukweni, na kwenye nyayo mna mchanga ulioingia katika mishono ambao hautoki wote hata kwa brashi. Je, nizivae safarini au nizitie kwenye begi, na je, mchanga wa bahari nao wanauhesabu?

Binti Mkunguni anajibu:

Wanauhesabu, kaka, kwa sababu mkaguzi hawezi kujua kama ni mchanga wa bahari au udongo wa zizini, naye hatakuwa na wakati wa kubahatisha. Usizivae: safari ni ndefu, miguu huvimba ndani ya ndege, na buti ndefu utashindwa kuzivua. Loweka nyayo peke yake kwenye sinia la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa muda mfupi, ngozi ya juu isiguse maji, kisha pitisha mswaki wa zamani kwenye mishono na umalizie kwa sindano butu. Geuza buti juu chini uzikung'ute pia, kwa maana vipande vya majani makavu na mbegu hupenda kujificha ndani, sehemu ya vidole, navyo vina sheria zake. Zikishakauka ziweke katika mfuko safi juu kabisa ya begi, ili ukiitwa pembeni uzitoe mara moja bila kumwaga nguo zako zote mbele ya watu. Usiingie nazo tena zizini baada ya kuzisafisha. Siku zako za mwisho za kazi Malindi fanya kwa viatu vingine.